Mjomba, makabrasha na kalavati letu

Juzi nilikua Tanga siku nne, nimefikia kwa mjomba kama kawaida. Asubuhi tuko barazani na chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha, bajaji ikasimama mbele yetu, dereva kijana tu wa miaka ishirini na kitu akapiga kelele "Mheshimiwa, shikamoo!" Mjomba akaitikia marahaba huku anapapasa miwani, hata hajui ni nani. Yule dogo wakati mjomba anapoteza kiti alikua darasa la nne au la tano huko, lakini jina limebaki. Diwani haachi kua diwani bana, ni posho tu ndo inaacha kuja.

Nikasema niandike. Maana kila uchaguzi ukifika watu wanaandika wabunge, wanaandika mawaziri, diwani hakuna anayemuandika labda akamatwe na kitu. Na mimi nimelelewa nyumba ya diwani miaka yangu yote ya sekondari, nilichokiona pale sijawahi kukisoma popote. Jina lake silitaji, kata pia siitaji, yuko hai na hasira zake anazo.

Mjomba alikua fundi baiskeli. Mnaoijua Tanga ya zamani mnajua maana yake, mji mzima ulikua unaendesha, mwalimu baiskeli, mpemba wa duka baiskeli, mama anaenda Mgandini sokoni amebebwa kwenye keria kakaa upande. Kijiwe chake kilikua chini ya mwarobaini, beseni la maji, pampu, kopo la biskuti limejaa viraka na solusheni. Sasa kuziba pancha kunachukua muda, lazima tyubu izamishwe kwenye beseni uangalie mapovu yanatokea wapi, halafu ukwangue, upake, usubiri ikauke, na mwenye baiskeli pale hana pa kwenda, anakaa kwenye benchi anaongea. Anaongea ndoa yake, kesi ya kiwanja, mtoto aliyefukuzwa shule, mtaro unaonuka. Mjomba hasemi kitu, yuko na mapovu yake. Mi naamini kabisa siasa yake yote ilitoka kwenye lile beseni. Hakua msemaji hata kidogo, mpaka leo ukimpa mikrofoni anaishika kama ana pampu mkononi.

Akawa balozi wa nyumba kumi kwanza, wa CCM, sifichi. Halafu uchaguzi wa serikali za mitaa wa 1999 akawa mwenyekiti wa mtaa, na huo uenyekiti wa mtaa watu wanaudharau lakini ndo kazi ambayo mtu anakujia akiwa na shida ya kweli. Mshahara hakuna. Kuna muhuri. Unataka barua ya kumdhamini nduguyo polisi, unataka kufungua akaunti, unauziana kiwanja, unataka kumuandikisha mtoto, kote huko wanakwambia nenda kalete barua ya mwenyekiti. Ule muhuri aliuweka kwenye lilelile kopo la viraka, kwahiyo barua za mtaa wetu zilikua zinanukia solusheni, na kona ya karatasi kuna dole la grisi. Kuna watu walikua wanamuachia mia tano "ya kalamu" na alikua anapokea, sitaki kumpamba hapa, na kama huna alikua anagonga tu bure na maneno juu.

2004 akarudi tena kwenye uenyekiti, hata mwaka haujatimia vizuri akachukua fomu ya udiwani. Hapo niseme kitu maana wengi wanachanganya: mwenyekiti wa mtaa na diwani hawachaguliwi siku moja. Mitaa na vijiji inasimamiwa na TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, inafanyika mwaka mmoja kabla, diwani anapigiwa kura siku moja na rais na mbunge chini ya Tume ya Uchaguzi. Sheria haikudai makubwa, uwe na miaka 21 na kuendelea, ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, uwe umedhaminiwa na chama. Mjomba ni darasa la saba, akapita.

Kampeni ya 2005 ilitaka kumuua. Uchaguzi ulikua uwe tarehe 30 Oktoba, mgombea mwenza wa CHADEMA akafariki siku chache kabla, ukasogezwa mpaka 14 Desemba. Kwa mgombea urais labda hiyo ni ratiba tu kubadilika, kwa mgombea udiwani aliyekopa mchele kwa mpemba ni msiba wa pili. Alishapika pilau za kumalizia kampeni! Enzi hizo takrima, yaani kuwakirimu wapiga kura, ilikua ruksa kisheria jamani, Mahakama Kuu ilikuja kuifuta 2006, kwahiyo watu walikua wanakuja kula bila kificho na wanauliza mbona nyama chache. Wiki sita zingine akapika tena. Aliuza baiskeli mbili na mashine ya kunyooshea rimu. Akashinda, na mwaka huohuo Tanga ilikua imepandishwa hadhi kua jiji, basi tukawa na jiji jipya na diwani mpya, mitaro ileile.

Fomu yake ya kutangaza mali kwenda Sekretarieti ya Maadili nilimuandikia mimi. Nyumba ya urithi, vyumba vinne, na ndugu wengine watatu wana fungu humo. Baiskeli moja. Kuku aliuliza kama wanaandikwa.

Sasa makabrasha. Kama hujawahi kuona kabrasha la baraza la madiwani hujakosa kitu, ni lundo la karatasi lenye uzito wa tofali, linaletwa siku chache kabla ya kikao, na baraza lenyewe ni kila miezi mitatu, ukiacha kamati. Linaletwa na dereva wa halmashauri, unasaini, anaondoka, halafu mjomba analiangalia vile mtu anavyoangalia mbwa asiyemjua. Usiku baada ya isha ananiita, "Ee mjomba, njoo unisomee." (Sisi tunaitana mjomba kwa mjomba, ndo pwani hivyo.) Mi nipo fomu tuu, namsomea mapato ya ndani, ruzuku, bakaa, matumizi mengineyo. Bakaa ni nini mjomba? Hela iliyobaki. Imebakije wakati kalavati hawajajenga? Sijui mjomba. Basi ruka, tafuta kata yetu.

Hiyo ndo ilikua staili yake, tafuta kata yetu. Kidole kinashuka kwenye jedwali, kata hii, kata ile, mpaka kinafika kwetu, na pale kwenye safu ya mwisho ya utekelezaji kuna maneno mawili matatu ambayo nadhani nikifa yataandikwa kwenye kaburi langu: fedha hazijapokelewa. Ile kalavati ya mtaro unaopita nyuma ya madrasa, mita chache tu za bomba la zege, ilikua inatakiwa kama milioni nne na ushee. Iliingia kwenye kabrasha la kwanza nililomsomea. Ikaingia la pili. Mi nikamaliza fomu foo nikaondoka, wakaja wapwa wengine wakasoma, kalavati bado imo.

Alichelewa sana kuelewa kitu kimoja ambacho kwakweli hata wapiga kura mpaka leo hawakielewi. Watu wanadhani diwani ana hela. Wanadhani mkurugenzi ni mtu wake. Mkurugenzi anateuliwa na Rais, diwani amechaguliwa na mama muuza vitumbua, wanakaa ukumbi mmoja, mkurugenzi ndo katibu wa baraza na wataalamu wote wako chini yake. Madiwani wanaweza kupitisha bajeti, wanaweza kubana, wanaweza kukataa taarifa irudi ikaandikwe upya, na wakikaa vizuri wanamtikisa mtu kweli. Lakini hela ikiwa haijaingia haijaingia, hupitishi azimio ikaingia. Mjomba miaka miwili ya mwanzo alikua anarudi nyumbani anasema "tumepitisha" na sisi tunafurahi, mpaka shangazi siku moja akamuuliza, mmepitisha au mmepishana?

Shule ya kata ndo alifanikiwa. Ile ilikua 2006, 2007, Lowassa ni waziri mkuu na amri imetoka kila kata iwe na sekondari, basi nchi nzima watu wanatembezwa michango. Mjomba na mtendaji wa kata wanapita nyumba kwa nyumba jioni, mtendaji ndo mwenye risiti, mjomba ndo mwenye aibu, maana nyumba zote zile anazijua kwa baiskeli zake na anajua nani hana kitu. Kuna bibi alitoa kuku. Mtendaji anasema kuku hana risiti, mjomba akamnunua yule kuku palepale kwa hela yake, akaandikiwa bibi mchango wake, kuku akarudishiwa bibi. Yale madarasa yapo, yalifunguliwa na walimu wachache mpaka wanaaibisha, lakini yapo, na binti wa yule bibi, mjukuu yaani, sasa hivi ni nesi.

Lakini ukiniuliza udiwani ni nini nitakwambia ni sanda.

Kwenye kabati la chumbani kwa mjomba, chini ya mashuka, kulikua na jora la kitambaa cheupe, pamba, ubani na kafuri kwenye mfuko wa nailoni. Muda wote. Likipungua linaongezwa. Kwasababu simu ya diwani inaanza kulia saa kumi alfajiri, na saa kumi alfajiri hakuna anayepiga kuulizia bajeti. Fulani amefariki hospitali ya Bombo, hatuna sanda, hatuna gari. Au nyumba haina hata pa kuketi watu, tunaomba turubai. Mjomba anaamka, anavaa kanzu, anawasha taa ya chumbani, mi nalala sebuleni nasikia mkasi. Mtu mzima mwanaume vipande vitatu, mwanamke vitano, alikua anapima kwa mkono kutoka kidoleni mpaka kifuani bila kipimo na haikupungua hata siku moja. Jirani wa Kikristo akifiwa anaenda yeye mwenyewe kwa fundi jeneza kusema mpe nitakulipa. Na analipa, polepole, miezi.

Posho ya diwani ya mwezi mwisho mwisho pale ilikua laki tatu na ushee. Ukitoa misiba, michango ya harusi (kadi za harusi peke yake zilikua zinajaa droo), mchango wa timu ya mtaa, ada ya mtoto wa fulani, na nauli za watu wanaokuja "mheshimiwa nimekwama hapa stendi", unabaki na nini. Ndo maana mi sishangai diwani akiiba. Sisemi ni halali, nasema sishangai. Tumeweka mtu kwenye kazi ambayo kata nzima inamuona ni mfuko wa msaada, tunamlipa vile, halafu tunasubiri awe malaika.

Na mjomba malaika hakua. Kuna soko moja lilifanyiwa ukarabati, vizimba vikagawiwa upya, wanawake waliokua wanauza pale chini juani miaka na miaka walitakiwa wapewe kwanza. Kizimba kimoja kizuri, cha mwanzoni karibu na mlango, kikaenda kwa shemeji yake ambaye hajawahi kuuza hata nyanya. Nilikua nimeshaanza kazi Dar, nilipokuja nikamuuliza, akanijibu maneno mengi sana, kwamba shemeji alimkopesha 2005, kwamba kila mtu kapata wake, kwamba mbona wengine hawaulizwi. Kwa mtu asiyesema, siku hiyo aliongea. Hatukuelewana kama wiki mbili. Mama mmoja wa mbogamboga aliyekosa kizimba aliacha kumuamkia mpaka leo, akipita anaangalia upande wa pili, na mjomba akimuona anajifanya anafunga viatu.

2010 alirudi kwa kura kiduchu. Mkutano wake mmoja mvua za vuli zilikatiza mtaa palepale nyuma ya madrasa, maji yamejaa, yeye na mikrofoni upande huu, watu wamesimama upande ule, anaahidi kalavati na kalavati lenyewe ndo linawatenganisha. Vijana walicheka mpaka wakakaa chini. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, "mnaona wenyewe," akashusha mikrofoni. Wengine wanasema hotuba ile ndo ilimpa ushindi.

Miaka ile mingine ilipita na mradi mkubwa wa miji, TSCP, mkopo wa Benki ya Dunia, lami ikamwagwa mjini na taa zikawaka, na kila diwani anavutia kwake. Kwetu tulipata kipande. Kalavati halikua kwenye huo mpango.

Oktoba 2015 sasa. Wimbi la UKAWA, ule muungano wa vyama vya upinzani, Tanga mjini ubunge ukaenda CUF na madiwani wa upinzani wakawa wengi kuliko wa CCM. Mjomba alijua toka asubuhi. Mi nilipanda basi kuja kupiga, nikamkuta barazani amekaa na redio ndogo, hajaenda kuzunguka vituo kama wengine. Usiku tukaenda kusoma karatasi iliyobandikwa mlangoni kituo cha shule, ile shule ya michango, mtu anamulika na tochi ya simu. Kituo cha kwanza kapigwa. Cha pili kapigwa. Akasema twende tukale. Kijana aliyemshinda alikuja kesho yake saa mbili asubuhi kumuamkia, nampa heshima kwa hilo, akakaa mwisho wa mkeka, akauliza, mzee naanzia wapi? Mjomba akaenda chumbani akarudi na jora la sanda lililobaki akamuwekea mapajani. Yule kijana alidhani anatukanwa.

Yaliyofuata pale jijini, mvutano wa umeya ule, wapinzani wanasema sisi ni wengi, anatangazwa meya wa CCM, madiwani wa CUF wanagoma, miezi imepita, mjomba aliyafuatilia kutokea kijiweni maana alirudi kuziba pancha, ingawa sasa hivi ni za bodaboda zaidi. Alikua anasikitika kweli, na chama chake ndo kilichopata. "Kabrasha nani anasoma sasa," ndo neno lake.

2020 akajaribu tena kwenye kura za maoni za CCM, ambako wajumbe wa chama ndo wanapiga kura, hapa sitaki kusema mengi. Mwaka ule nchi nzima ilijifunza msemo wa wajumbe si watu. Alihesabu usiku ule wajumbe arobaini na kitu waliomshika mkono wakamwambia mzee umepita. Alipata kura sita. Mpaka leo anawatafuta wale sita.

Udiwani wenyewe umebadilika sana toka enzi zake, na hapa ndo tunabishana kila nikija. Barabara za mitaa zilienda TARURA, wakala wa serikali wa barabara, 2017. Kodi ya majengo ilihamia TRA, na toka Agosti 2021 ikaanza kukatwa kwenye umeme wa LUKU, elfu moja kwa mwezi ikapanda ikawa elfu na mia tano. Mjomba anasema wamemnyang'anya diwani koleo na ndoo wakamuachia kelele. Mi namwambia mbona mlipokua nayo hiyo kodi ya majengo mlikua hamuikusanyi, nyumba hii yenyewe ulilipa lini? Anakunywa chai.

Kalavati lilijengwa. Lilikuja miaka hii baada ya ile tozo ya shilingi mia kwa lita ya mafuta, fungu likapatikana, mkandarasi akaja na vijana na mchanga, wiki moja na nusu limeisha. Hakuna aliyemuita. Alienda mwenyewe jioni na bakora yake, mi nipo nyuma, akasimama pembeni, akachungulia, akaingiza bakora kwenye bomba upande wa juu mpaka ikagota, akaishika pale mkono ulipofika, akaitoa.

"Sitini hii," akasema.

Sitini nini mjomba?

"Sentimita. Mi niliomba tisini. Ipo kwenye kabrasha, 2006, katafute." Na kweli yale makabrasha anayo yote, yamepangwa chini ya uvungu wa kitanda, panya wamekula mawili tu. Nikamwambia lakini si limejengwa, watu wanapita. Akaniangalia vile alivyokua ananiangalia nikikosea kusoma bakaa. Masika ikija maji ya juu yote yanashuka hapa, akasema, yakikutana na sitini yanapanda madrasa.

Basi jana yake ya kuondoka, baada ya isha, akaniita tena na karatasi na kalamu, tumuandikie mhusika. Nikaanza kuandika pale juu, Mheshimiwa Diwani Mstaafu wa Kata ya, akanizuia mkono.

"Futa hiyo. Wakiona mstaafu wanatupa. Andika mkazi."